Sauti ya Nne

Kwa miezi minne baba yangu alikuwa na neno moja tu, na neno lenyewe lilikuwa hapana.

Ukimuuliza kama anataka maji, hapana, kisha anakunywa kikombe kizima. Ukimuuliza kama mgongo unamuuma, hapana, huku machozi yanamtiririka. Kila asubuhi nilifungua pazia nikamwambia shikamoo baba, naye alinitazama, akakunja uso kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, halafu akasema, "Hapana." Kisha alifumba macho kwa aibu. Mwalimu Alexander Kahigwa, aliyefundisha shule miaka thelathini na kwaya miaka arobaini, alikuwa amenyang'anywa na kiharusi mkono wa kulia, mguu wa kulia, na maneno yote ya dunia isipokuwa hilo.

Ningeweza kulizoea. Binadamu huzoea mengi. Shida ni kwamba siku kumi na moja kabla ya kuanguka, baba alikuwa amelisema neno hilo hilo akiwa mzima, mbele ya wageni, na alikuwa anamkataa mwanamume ninayempenda.

Jina lake Otuoma. Mjaluo wa Shirati, mrefu, mpole, fundi umeme siku za kazi na mpiga kinanda kanisani kwetu Kiseke, Mwanza, siku za Jumapili. Mshenga wake, mzee Masalu, alileta barua ya posa tarehe tatu Machi. Baba aliisoma yote, akaikunja vizuri, akasema, "Hapana. Kijana anayefunika sauti za watu kwa mashine, ataifunika na ya binti yangu."

Asiyemjua baba angedhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Krismasi iliyopita Otuoma alikipiga kinanda chini ya wimbo wa kwaya bila kuulizwa, na pale ambapo sauti ya nne, ile nzito ya chini, inashuka taratibu mpaka nota ya fa, yeye akaenda so, kwa sababu vidole vya wapiga vinanda vinapenda so. Baba aliinua mkono akaisimamisha kwaya mbele ya usharika mzima. "Tuanze upya," alisema, "bila mgeni." Watu wakacheka. Otuoma alizima kinanda akainamisha kichwa, na mimi niliyekuwa mstari wa mbele nilitamani sakafu ya kanisa inimeze.

Basi hayo ndiyo niliyokuwa nimeyabeba. Mama yangu, Justa, alifariki nikiwa na miaka tisa. Baba hakuoa tena. Alinisuka nywele mwenyewe, vibaya, mpaka majirani wakamwonea huruma. Nilikuwa nimejiapiza kwamba sitatoka nyumba hii bila neno lake, na Otuoma kwa upande wake alikuwa amesema hatanitorosha hata nikimpigia magoti. Tulikuwa tunalisubiri neno la mtu asiyekuwa na maneno.

Tulipotoka hospitali, mtu mmoja aliyetukabidhi karatasi zetu alisema mgonjwa apumzike. Shangazi Felicitas, dada yake baba aliyekuja kutoka kijijini kwetu Kamachumu kunisaidia, alilichukua hilo akalifanya sheria. Redio ikafungiwa kabatini. Televisheni ikatandikwa kitambaa. Simu zikawekwa kwenye mtetemo. Watoto wa jirani walikatazwa kucheza upande wetu wa ua. Mimi, sauti ya kwanza tangu nikiwa na miaka kumi na miwili, nikaacha kuimba hata nikiosha vyombo.

"Kichwa cha mgonjwa wa kiharusi ni kama yai," shangazi alikuwa akisema. "Kelele kidogo tu, waitu, jamani, tunampoteza."

Niliamini. Nilitaka apone, na anayetaka mtu wake apone huamini kila kitu. Mvua ilipopiga bati, baba aligonga ukingo wa kitanda kwa kidole cha mkono wa kushoto, tap, tap, tap, tap. Nilidhani ni misuli inayoshtuka. Nilimpaka mafuta, nikamkanda ule mkono mpaka ukatulia, nikajisifu kwamba mimi ni muuguzi hodari.

Siku ninayoisimulia ilikuwa Jumamosi ya katikati ya Julai. Baba mdogo Jovinary alifika kutoka Mkolani mapema, amevaa koti, bahasha ya jibu ikiwa tayari mfukoni. Otuoma alikuwa ametuma barua ya pili, na mzee Masalu angekuja saa kumi alasiri kuchukua jibu. Kwa kuwa baba hawezi, mdogo wake ndiye angejibu. Na akishajibu, imekwisha. Kwetu barua ya tatu haiandikwi.

Baba mdogo alivuta kiti mpaka kitandani. Alizungumza kwa sauti ya juu, maana watu wengi hudhani asiyeweza kusema hasikii.

"Kaka! Yule kijana wa kinanda ameandika tena. Unamkubali?"

"Hapana," alisema baba.

Baba mdogo akatugeukia mimi na shangazi. "Mmesikia."

"Baba mdogo, hilo si jibu," nilisema. "Hilo ndilo neno pekee alilo nalo."

"Na alipokuwa na maneno yote alisema nini?"

Nilianza kumnyoosha baba shuka.

"Nakuuliza, Noela. Tarehe tatu Machi kaka alisema nini, mimi nikiwa nimekaa pale pale sebuleni?"

"Alisema hapana."

"Basi. Alilosema mzima na analosema mgonjwa ni moja. Mimi ni nani nilibadilishe?"

Hasira ikanipanda. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamshika baba shavu.

"Baba," nikasema, "mimi ni mwanao?"

Midomo yake ikatetemeka. Nilimwona akijitahidi, mishipa ya shingo ikamsimama. "Ha," alisema. "Ha... hapana."

Kisha akaanza kulia. Alilia upande mmoja tu wa uso, ule unaofanya kazi, na kifua chake kikawa kinapanda na kushuka. Nilijua papo hapo kwamba nimefanya ukatili ambao hautafutika. Nilimtumia baba yangu kushinda hoja.

"Umeridhika?" shangazi aliniuliza kwa upole uliouma kuliko kofi. "Toka nje, mwanangu. Kanawe uso."

Nyuma ya nyumba yetu kuna jiwe, moja ya yale mawe makubwa ya Mwanza ambayo mjenzi huyazunguka tu kwa kuwa hana la kuyafanya. Limesimama hatua sita kutoka dirisha la chumba cha baba. Nilipokuwa mdogo, baba alinisimamisha mbele yake na kuniambia niimbe nikilitazama. "Jiwe halina upendeleo," alisema. "Ukikosea litakurudishia kosa lako." Nilijifunza kuimba kwa kujisikia nikirudi kutoka kwenye jiwe.

Ndipo alipokuwa amesimama Otuoma, amepitia kijia cha nyuma, na kitu kimefungwa kwenye gazeti mkononi.

"Hukutakiwa kuja," nikamwambia. "Mshenga ndiye anayekuja. Baba mdogo akikuona hapa utakuwa umetuharibia hata kidogo kilichobaki."

"Kuna kilichobaki?"

Nilitazama chini. Upepo wa ziwa ulikuwa unapita kwenye migomba ya jirani, nami nilijua kwamba nikiinua macho nikayakuta yake nitashindwa kusimama.

"Nimekuja kurudisha hiki," alisema. "Sikutaka mzee Masalu akirudishe. Ni cha Mwalimu, na nimekaa nacho tangu juzi kama mwizi."

Alifungua gazeti. Lilikuwa daftari la baba la nota, lile kubwa lenye jalada jeusi, ambalo tulidhani limepotea siku ile alipoanguka kwenye mazoezi. Ndani yake kuna nyimbo zake zote, zimeandikwa do re mi kwa kalamu ya wino, sauti nne moja chini ya nyingine.

"Lilikuwa wapi?"

"Chini ya kinanda. Kwenye mkoba wa kinanda changu, Noela. Mimi sijakigusa kinanda tangu Machi, mkoba nimeufungua juzi."

"Mbona hujakigusa? Si ulikuwa unaenda mazoezini?"

Otuoma alijikuna kisogo. Alikuwa hapendi kujisema. "Baada ya Mwalimu kunikataa nilienda mazoezini kama kawaida, ila sikukiwasha. Nilikaa na wale wa sauti ya nne. Nilimwambia, Mwalimu, nimekuja kujifunza kushuka mpaka fa. Hakunijibu. Ila siku ya tatu alinisogezea kiti."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba nimepewa kiti?" Alitabasamu kidogo, halafu tabasamu likamwisha. "Noela, leo wakisema hapana, mimi nitaheshimu. Nimepata kazi ya mwaka mzima Musoma, nitaenda. Sitakupigia simu. Sitaki uwe unatazama simu wakati unamlisha baba yako. Lakini nataka ujue kwamba sitasikia kwaya yoyote, mahali popote, bila kutafuta sauti yako ndani yake."

"Usiseme hivyo."

"Nisiposema leo nitasema lini?"

Niliweka kiganja changu juu ya kiganja chake, juu ya daftari la baba, na tukakaa hivyo. Nilikuwa nimefikisha miaka ishirini na saba na nilikuwa ninaagwa nyuma ya nyumba kama mwizi wa kuku.

"Fungua ukurasa wa mwisho," alisema baadaye. "Nilitaka ukiuona niwepo."

Nilifungua. Juu, kwa mwandiko wa baba ulionyooka, paliandikwa *Siku ya Noela*. Chini yake tarehe: 10 Machi.

Nilihesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Alimkataa tarehe tatu. Alianguka tarehe kumi na nne. Tarehe kumi alikuwa amekaa mezani akaandika huu.

"Otuoma, huu ni wa nini?"

"Soma hapo juu ya mstari wa kwanza."

Kwa herufi ndogo, baba alikuwa ameandika: *Kinanda kitangulie vipigo vinane, kisha kinyamaze.*

Baba yangu hajawahi, katika miaka arobaini, kuandikia kinanda hata kipigo kimoja. Nilikaa chini, mgongo kwenye jiwe.

"Unasikikaje?" niliuliza. Sikuweza kuusoma, macho yalikuwa yamejaa machozi. "Nisaidie sauti ya nne. Taratibu. Shangazi akisikia atatufukuza wote."

Otuoma aligeukia jiwe, akainamisha kichwa, akaanza kuvumisha sauti ya nne kwa midomo iliyofungwa. Alivumisha mstari wa kwanza, wa pili. Ilikuwa sauti nzito, inatembea polepole. Jiwe liliichukua likaitupa nyuma yetu, moja kwa moja kwenye dirisha la chumba cha baba ambalo niliacha wazi asubuhi. Sikulifikiria hilo. Nilikuwa ninamsikiliza mwanamume wangu kwa mara ya mwisho.

Alipofika mstari wa tatu, pale sauti inaposhuka, alikosea. Miezi minne bila mazoezi, akaenda so.

"Faaa!"

Sauti ilitoka dirishani. Ilikuwa nzito, imechakaa pembeni, lakini ilikuwa imesimama sawasawa juu ya nota yake na haikuyumba. Otuoma alinyamaza na kunitazama. Kutoka ndani nikasikia kiti kikianguka na shangazi akilia, "Jovinary! Jovinary, anakata roho!"

Nilikimbia. Nilipoingia chumbani shangazi alikuwa ameshika kichwa chake kwa mikono miwili. Baba mdogo alikuwa amesimama ukutani. Baba alikuwa amejiinua kwa kiwiko cha kushoto, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Machi, na alikuwa anatazama dirisha kwa hasira. Naijua hasira hiyo. Nimeiona mara elfu moja, siku za mazoezi, Alhamisi na Jumamosi, mtu wa sauti ya nne anapoenda so.

"Nani anapiga kelele huko nje?" alifoka baba mdogo. "Nani anamuua ndugu yangu?"

"Ni Otuoma. Na hamuui. Baba ameimba, baba mdogo."

"Ameguna! Hujui mgonjwa akiguna?"

"Ameimba fa. Alimsahihisha." Nilikwenda dirishani. "Otuoma! Ingia. Pita mlangoni, uingie humu."

"Hataingia," alisema shangazi.

Sijawahi kumvunjia shangazi heshima, kabla ya siku hiyo wala baada yake. "Shangazi, nisamehe," nilisema. "Tumemfungia baba kwenye kimya miezi minne. Nilimwona akihesabu vipigo vya mvua kwa kidole, mimi nikamkanda mkono mpaka akaacha. Leo ataingia."

Aliingia, ameshika daftari kifuani, akainama mlangoni kwa urefu wake.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama. Shikamoo, Mwalimu."

"Hapana," alisema baba.

Baba mdogo alicheka kwa uchungu. "Hata salamu yako anaikataa. Unataka nini zaidi?"

Otuoma alisogea kitandani. Alichuchumaa kando ya kitanda ili asimsimamie mgonjwa kichwani, akafungua daftari mbele ya macho ya baba, akasema kama vile wako mazoezini, "Mwalimu, nimekosea mstari wa tatu. Naomba tuanze upya."

Mkono wa kushoto wa baba uliinuka kutoka kwenye shuka. Ulikuwa umekonda. Ulishuka chini, ukaenda kushoto, ukaenda kulia, ukapanda juu. Alikuwa anapiga mapigo. Otuoma alivumisha vile vipigo vinane vya kinanda, kwa kuwa kinanda hapakuwa nacho, kisha akanyamaza kama alivyoagizwa. Na katika kile kimya baba yangu alifungua mdomo.

*"Noela, binti wa Justa,
simama mlangoni.
Nyumba nilimokulea
leo naifungua."*

Maneno, yote, moja baada ya jingine. Upande wa kulia wa mdomo haukufuata vizuri, na "binti" ilitoka imekwaruzwa, lakini jina langu lilitoka zima. Nilikuwa nimeshasahau jinsi baba anavyoliita, anavyoivuta ile herufi ya katikati. Shangazi alikaa sakafuni, pwaa, miguu imenyooka mbele yake kama mtoto.

*"Nenda na mwenzio,
nenda kwa amani.
Baba yuko nyuma yako,
anaimba."*

Mkono ukatulia. Chumba kizima kilikuwa kinasikiliza.

Wa kwanza kusema alikuwa baba mdogo, na sauti yake haikuwa imara tena. "Ni wimbo tu. Aliutunga akiwa mzima, umetoka wenyewe. Hata kasuku huimba."

"Aliutunga tarehe kumi Machi, Jovinary," alisema shangazi kutoka sakafuni. Alikuwa amelichukua daftari na kulisogeza karibu na macho. "Siku saba baada ya kumkataa. Soma hapa. Ameandika kinanda kitangulie. Unamjua kaka yako. Kinanda!"

Baba mdogo alisoma. Akasoma tena. Halafu akamgeukia baba, na safari hii hakupaza sauti. "Kaka. Nataka kuwa na hakika, nisije nikakukosea ukiwa hivi. Unamkubali kijana huyu?"

Baba alimtazama mdogo wake kwa macho ya kusihi. "Hapana," alisema. Akapiga godoro kwa ngumi. "Hapana! Hapana!" Na machozi yakaanza tena.

"Usimuulize kwa kusema," nikamwambia baba mdogo. "Kusema hakumo tena humo ndani. Tafadhali. Muulize kwa njia anayoiweza."

"Mimi sijui njia hiyo."

"Unaijua," alisema shangazi. "Ulikuwa sauti ya tatu pale Kamachumu, na yeye ndiye aliyekufundisha, kwa fimbo."

Baba mdogo alisimama na bahasha yake. Sebuleni saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa kumi. Sikujua angefanya nini, na nadhani naye hakujua. Otuoma hakusubiri ruhusa. Alianza tena vile vipigo vinane, kwa sauti ya chini kabisa, na mkono wa baba ukainuka.

Safari hii niliingia nami. Sauti ya kwanza ilikuwa imeandikwa juu, na sikuhitaji kuisoma, kwa sababu baba alikuwa amenitungia mimi na alijua koo langu linavyopenda kupanda. Sauti yangu ilitoka na kutu ya miezi minne. Shangazi alianza sauti ya pili akiwa bado chini, akifuata nota kwa kidole. Mstari wa pili ukapita. Palikuwa na pengo katikati ya wimbo, na kila aliyewahi kukaa kwenye kwaya anajua jinsi pengo linavyouma: unalisikia kama jino lililong'oka. Nilimwona baba mdogo akisikia. Alibana midomo. Alitazama dari. Alivumilia mpaka *nyumba nilimokulea*, na hapo akashindwa.

Alianza kwa kuvumisha tu. Halafu akainama juu ya bega la shangazi aone maneno, na tulipofika mstari wa tano alikuwa ndani kabisa, sauti ya tatu, nyembamba na safi kwa mtu mnene vile.

*"Nenda na mwenzio,
nenda kwa amani."*

Alikuwa amelisema jibu la posa kwa mdomo wake mwenyewe. Nadhani aligundua alipolimaliza, maana alinitazama mimi, kisha akamtazama Otuoma, na hakurudi nyuma. Hapo sauti ya nne inashuka tena, na Otuoma alishuka pamoja na baba, taratibu, hatua kwa hatua, mpaka fa. Baba alimtolea jicho kali la mwalimu, akasikiliza ile nota mpaka ilipotulia, kisha akatikisa kichwa, mara moja tu, juu na chini. Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote anazotoa. Wapo waliokaa kwenye kwaya yake miaka kumi hawajaipata.

Nje tulisikia hodi. Ilikuwa sauti ya mzee Masalu, amefika kwa saa yake.

Hakuna aliyekwenda kufungua, kwa kuwa wimbo haukuwa umeisha. Baba mdogo alichukua ile bahasha, akaichana katikati huku akiimba, akavitia mfukoni vipande vyote viwili.

Siku tuliyomzika mama, baba alinisimamisha kwenye kwaya nikiwa na miaka tisa, kwa sababu nilikataa kubaki na wanawake. Nilianza kulia katikati ya ubeti. Aliinama akaniambia sikioni kitu ambacho nimekibeba mpaka leo. "Ukilia sasa utatoka kwenye sauti, na wenzako watakosa pa kushika. Maliza ubeti, Noela. Lia ukishamaliza."

Nilikumbuka hayo nikiwa nimemshika mkono ule wa kulia usiohisi kitu. Miezi minne nilimwomba Mungu anirudishie sauti ya baba. Akanirudishia, na neno la kwanza ililoniambia lilikuwa niondoke. Mguu wangu mmoja ulikuwa tayari uko nje na Otuoma, na mwingine ulikuwa umeganda kando ya kitanda kile, na sikujua nani angemfungulia pazia asubuhi, nani angemwambia shikamoo na kupokea ile hapana bila kuumia. Niliacha kuimba, machozi yakinilenga. Baba aliona. Aliniangalia kwa yale macho makali ya Alhamisi na Jumamosi, mkono wake ukiendelea, chini, kushoto, kulia, juu, ukinisubiri.

*"Baba yuko nyuma yako,"* tukaimba, sote watano, na jiwe la nje likaturudishia bila kosa, *"anaimba."*

Baba akaishikilia nota ya mwisho mpaka pumzi ikamwishia. Kisha akashusha mkono, na ndipo nikalia.